Mwaka Tuliolima Siku ya Jumwa

Mwezi uliopita tulimzika Neema. Alikuwa akikaribia miaka sabini, nami nilimzidi kwa miaka kumi na saba tu, lakini watu wote pale matangani walinipa pole ya mama aliyefiwa na mwana, nami nikaipokea, kwa kuwa nilimlea tangu alipokuwa hajatimiza saa moja duniani. Mchungaji, kijana mwenye viatu vinavyong'aa kupita kiasi kwa mavumbi ya kwetu, alichagua kuhubiri habari za uumbaji. Alisema Mungu aliumba kila kitu kwa mpango, kila siku na kazi yake, na kwamba hata kifo cha mama yetu mpendwa kimo ndani ya mpango huo. Nilikuwa nimekalishwa kwenye kiti cha plastiki mbele kabisa, mahali wanapowekwa wazee ili waonekane, nikasikia damu inanipanda kichwani. Nina hasira za karibu, hata wajukuu wangu wanajua. Nilitaka kumwambia, mwanangu, huo mpango wewe umeusoma, mimi niliutia mkono. Nilikohoa tu, wakaniletea maji. Neema aliniuliza mara tatu maishani mwake mama yake alikufaje, na mara zote tatu nilimjibu, "Kwa uzazi," nikaendelea na nilichokuwa nikikifanya. Ni kweli alikufa kwa uzazi. Lakini palikuwa na kweli nyingine niliyomnyima, na sasa kwa kuwa hayupo wa kuisikia, naiandika. Huo ni woga, najua.

Mwaka huo, katikati ya miaka ya hamsini, nilikuwa na miaka kumi na saba na nilikuwa nikiishi na dada yangu Umazi nyuma ya vilima vya Shimba, upande ambao mvua ikitoka baharini hufika imechoka. Habari za ukoo nitaziacha, ni ndefu na hazisaidii. Inatosha kujua kwamba sisi ni Waduruma, kwamba mume wa Umazi alikuwa akikata miwa Ramisi na kurudi nyumbani mara moja kwa miezi mitatu, na kwamba mji ule ulikuwa wa baba yake mkubwa, Mzee Ndurya. Nyumba ya Umazi ilikuwa na vyumba viwili. Cha ndani kilikuwa na kitanda cha kamba, mtungi, na leso zake zimetundikwa juu ya ufito. Cha nje kilikuwa na mafiga, na moshi ulikuwa umepaka kuta zake weusi hadi kwenye nyasi za paa. Humo ndimo tulimokula sima kwa mtsunga, mboga chungu ya porini ambayo Umazi aliipika kwa tui ili uchungu upungue, na siku ambazo mumewe ameleta kitu, tulikula papa mkavu wa Msambweni ambaye harufu yake ilifika kwa jirani kabla ya moshi. Umazi alikuwa mcheshi. Alikuwa na mimba ya kwanza mwaka huo, na alipokuwa akiinama kupuliza moto alikuwa akimwambia yule wa tumboni, "Shikilia, bwana, tunashuka mlima." Nilimpenda kuliko mtu yeyote niliyepata kumpenda baadaye, na nimeolewa.

Karibu na kisima palikuwa na banda la udongo lililoezekwa makuti, lenye viti vya magogo ya minazi. Siku za kazi lilikuwa shule, Jumapili lilikuwa kanisa. Mwalimu wake alikuwa Mwalimu Elifazi, Mtaita, kapera, mpole, mwenye baiskeli aliyoipenda mno. Mimi na Umazi tulikuwa katika darasa lake la ubatizo, tukiwa watu tisa jumla. Siku ya kwanza ya somo la uumbaji alichora kwa chaki miraba saba ubaoni. Wa kwanza aliuchora miale ya nuru, wa pili maji juu na maji chini, wa tatu mti na mhindi, wa nne jua, mwezi na nyota, wa tano samaki na ndege, wa sita ng'ombe, mwanamume na mwanamke. Wa saba aliuacha mtupu. Sijui kama nitaweza kueleza jambo lile lilivyonishika. Nilikuwa nimeziona nyota maisha yangu yote, na nilikuwa nimekula mahindi maisha yangu yote, lakini hakuna aliyekuwa amenionyesha kwamba vitu vile vilitamkwa na mtu, kimoja baada ya kingine, na kila kimoja kikaambiwa ni chema. Nilitoka mle ndani nikitembea polepole, nikiutazama mti wa mkwaju uliokuwa njiani mpaka nikajikwaa. Bado nadhani niliyoyahisi siku ile yalikuwa ya kweli, na kwamba ndiyo ibada yangu safi kuliko zote nilizofanya, kwa kuwa sikuwa namshindania Mungu na mtu. Umazi ndiye aliyeuliza, "Mwalimu, na huu mtupu?" Mwalimu akasema ni siku ambayo Mungu alipumzika. Umazi akacheka. "Basi hata yeye ana jumwa yake." Darasa zima likacheka, Mwalimu akatabasamu kidogo, akaufuta ubao.

Hapa lazima nieleze jumwa, maana hata wajukuu wangu hawaijui. Wazee wetu walihesabu juma la siku nne. Siku tatu unalima, ya nne ni jumwa, na siku ya jumwa jembe haligusi ardhi. Unaweza kutembea, kusuka mkeka, kwenda kuhani msiba au kuamua kesi, lakini hulimi. Sisi wa darasa la ubatizo tulikuwa tumeongezewa juma jingine, la siku saba, lenye Jumapili yake. Kwa hiyo wakati wa kulima tulikuwa tukipumzika jumwa ili tusikosane na mji, na kupumzika Jumapili ili tusikosane na kanisa, na magugu hayakupumzika siku yoyote. Mwalimu alituambia mara kwa mara kwamba mtu hawezi kutumikia kalenda mbili. Muumba aliweka siku sita za kazi na moja ya kumwabudu, na anayeiogopa siku nyingine anaogopa kitu kilichoumbwa.

Wengi wamemlaumu Mwalimu Elifazi bure miaka yote hii. Wazo la kulima shamba la kanisa siku ya jumwa, mchana, mbele ya macho ya watu, lilikuwa langu. Nilisimama darasani nikasema kama kweli tunamwabudu Muumba peke yake, tuonyeshe. Mwalimu alinitazama kwa furaha ambayo hakuna mtu mzima aliyewahi kunitazama nayo. Wale wengine walitazama chini. Umazi aliniambia tulipofika nyumbani kwamba lilikuwa wazo la kitoto. "Unataka kumwonyesha nani? Mungu ameshaona." Nikanuna, sikula. Siku ya jumwa ilipofika alichukua jembe lake akatoka mbele yangu, mimba ya miezi minane imemtangulia. "Nakwenda usije ukachekwa peke yako," akasema. Tulikuwa watano tu siku ile. Mvua za kwanza za masika zilikuwa zimekwisha kunyesha na udongo ulikuwa laini. Watu walisimama pembeni ya shamba wakitutazama, na mimi nililima kwa nguvu kama mtu anayepigiwa makofi.

Mvua ikakatika. Siku kumi, siku kumi na tano, jua linawaka, mahindi ya kijiji kizima yanajikunja majani. Najua mvua hukatika bila kuuliza nani kalima lini, imekatika mara nyingi tangu hapo na hatukuwa tumekosa lolote. Lakini nani angewaambia hivyo watu wenye watoto wa kulisha? Mzee Ndurya alikuja mlangoni kwetu asubuhi moja, akakataa kiti. Alikuwa mtu mrefu aliyeongea kwa sauti ya chini, na nilikuwa nikimwogopa kila siku isipokuwa siku ile.

"Shikamoo baba," Umazi akasema.

"Marahaba. Mwanangu, sikuja kugomba. Ardhi imechomwa, ipoozwe. Toeni kuku mmoja, nitamchinja pale shambani, niseme maneno yangu, mambo yaishe."

Umazi alikuwa amefungua mdomo. Mimi nikamtangulia. "Sisi hatuabudu udongo."

Mzee alinigeukia. "Na nani anaabudu udongo? Mulungu ndiye aliyeuumba udongo huu. Ni wake. Siku moja katika nne tunamwachia mwenyewe, tusijisahau tukadhani ni wetu. Hilo ndilo mwalimu wenu amelikataza?"

Sikumsikia. Namaanisha masikio yalisikia, ndiyo maana leo naweza kuyaandika, lakini nilikuwa nimekwisha kuandaa jibu langu na nilikuwa nangoja tu anyamaze. Nilimwambia kumtoa kuku yule ni kumkana Muumba, na kwamba tungependa kufa kuliko kumkana. Nilisema "tungependa." Umazi alikuwa ameketi kando yangu, miguu imevimba, na sikumuuliza.

Mzee akasema basi, mpaka kuku atoke, hatutapewa moto wala hatutachotewa maji, na Bibi Mbodze hataingia nyumba ile. Bibi Mbodze alikuwa mkunga wa kijiji, mama mfupi mwenye mikono mikubwa, aliyewapokea karibu watoto wote wa pale, na mimi mwenyewe nikiwemo. Hukumu ile haikuwa ya chuki, ndivyo walivyofanya kwa kila aliyevunja jumwa, na kwa kawaida haikudumu siku mbili kabla mtu hajaleta kuku akicheka kwa aibu. Mimi niliifanya idumu. Niliacha kuwaamkia watu. Nikimwona Bibi Mbodze anakuja njia ya kisimani, nakata kona naingia vichakani na mtungi wangu kichwani, nimejaa fahari, nikijiambia ni mimi ninayewatenga. Umazi alinikataza. "Unageuza njia mpaka watu wanashindwa kukusalimu," akasema. Nikamjibu kwa maneno ya darasani.

Mvua ilirudi yenyewe baada ya majuma matatu, tena kwa wingi, na nilishangilia kana kwamba nimeshinda kesi. Asubuhi moja nilikwenda dukani kununua sabuni na mafuta ya taa. Mwenye duka, Bwana Salimu, alikuwa Mdigo kutoka Diani, Mwislamu mwenye kanzu safi hata wakati wa matope. Alikuwa akizungumza na mteja nyuma ya magunia, wakanyamaza nilipoingia, nikajua ni habari zetu. Alinipimia mafuta, kisha akasema bila kuniangalia, "Binti, na sisi tunasoma kwamba Mwenyezi Mungu ameziumba mbingu na ardhi kwa siku sita. Hatuna ugomvi hapo. Lakini dada yako tumbo limeshuka. Kamwite mkunga mapema." Nikamjibu kwamba Mungu atatosha. "Inshallah," akasema, "na mkunga pia ni kiumbe wake." Nilitoka nikimwona ni mtu asiye na imani.

Uchungu ulimshika Umazi Alhamisi asubuhi, mvua inanyesha tangu alfajiri, siku chache kabla ya wakati tuliouhesabu. Mwalimu alikuja mara moja nilipompelekea habari. Alimwona, uso ukambadilika, akasema Umazi apelekwe hospitali. Lakini wa kuibeba machela hakuwapo, maana kwa hesabu yetu vijana wa mji wasingeingia nyumba iliyotengwa. Akachukua baiskeli yake kwenda Kwale kutafuta gari. Kabla hajatoka nilimuuliza kuhusu kuku. Nilimuuliza, nakiri, nikitaka anikatalie. Alisimama mlangoni maji yakimtiririka kofiani, akasema, "Debora" (ndilo jina nililokuwa nimejichagulia la ubatizo), "hilo siwezi kukuamulia. Mwombe Mungu akuonyeshe." Kisha akaenda. Miaka mingi nilijifariji kwamba alinikataza. Hakunikataza.

Kufika mchana Umazi alikuwa akilia kwa sauti. Kisha ananyamaza, anataka maji, analia tena. "Nyamvula," akasema, kwa jina langu la nyumbani, "nenda kamwite Bibi Mbodze."

"Watataka kuku."

"Mpe kuku. Wako wanne pale nje."

"Ni kumkana Mungu, dada."

Alifumba macho. "Mungu aliyeniumba hatanikasirikia kwa kuku."

Nilipiga magoti kando ya kitanda kile cha kamba nikaanza kuziimba sifa za Muumba, siku baada ya siku, kama tulivyofundishwa: nuru, anga, miti, jua, samaki, wanyama, mtu. Nikifika mwisho naanza upya. Nilimsifu Mungu kwa kuiumba dunia huku kazi yake nzuri kuliko zote niliyopata kuiona ikipasuka mbele yangu. Aliniita mara nyingine mbili. Kisha akaacha kuniita, akawa anaita mama yetu, ambaye alikuwa amekufa zamani. Gari halikuja. Mto ulikuwa umefurika na Mwalimu alikuwa amekwama upande wa pili, jambo ambalo sikulijua.

Ijumaa, jua likiwa juu kabisa, Umazi hakuwa akilia tena. Nilimgusa mkono, nikaukuta baridi, ndipo imani yangu yote ikanitoka miguuni, nikakimbia. Bibi Mbodze alikuwa ameketi mlangoni kwake. Sikusema shikamoo, sikusema kuku, nilisema tu, "Njoo." Alikuwa amesimama kabla sijamaliza. Alinitangulia njiani. Alifunga mlango, akaingiza mikono yake mikubwa, akazungumza na Umazi kwa upole kana kwamba wamekutana kisimani, na baada ya muda mtoto akatoka akiwa wa bluu, Bibi akampuliza, akamchapa, mtoto akalia. Nilipewa nimshike, ndiye Neema. Damu haikukatika. Bibi Mbodze alifanya yote aliyoyajua, akayarudia. Umazi alifungua macho mara moja, akamtazama mtoto, akanitazama mimi, na hakukuwa na lawama yoyote machoni mwake, ingawa nimeitafuta humo kwa miaka yote hii. Alikufa kabla ya alasiri.

Mwalimu Elifazi alifika Jumamosi na gari, matope hadi kifuani. Alikaa chini nje ya nyumba akalia mbele ya watu, mwanamume mzima, na Mzee Ndurya ndiye aliyemwinua. Walimzika Umazi pamoja, mumewe akiwa bado hajafika kutoka Ramisi, mmoja akisali kutoka kitabuni, mwingine akisema maneno yake ya chini kaburini, wote wawili kwa Muumba yule yule, hakuna aliyemkatiza mwenzake. Majuma mawili baadaye nilibatizwa. Watu huniuliza kwa nini niliendelea, na wengine wamedhani nina moyo wa jiwe. Sikuwa na pengine pa kwenda na dhambi kubwa kiasi kile. Nimemwabudu Mungu aliyeumba mbingu na nchi kila Jumapili tangu hapo, na zipo Jumapili nilizomwabudu nikiwa nimeuma meno. Ila sikumtetea tena. Nilijifunza, kwa gharama isiyo yangu, kwamba yeye aliyefanya bahari hakuwa akingoja msichana wa miaka kumi na saba amlindie heshima yake.

Siku ya pili baada ya kubatizwa nilimkamata kuku, yule mkubwa wa kidari cheupe, nikamfunga miguu, nikamfunga mtoto mgongoni, nikaenda kwa Bibi Mbodze. Nilikuwa nimekata shauri. Ningemtoa kuku, liwalo na liwe, Mwalimu akitaka anifute kwenye kitabu chake. Nilimkuta akichambua kunde. Nilimwamkia vizuri, nikaweka kuku chini, nikamwambia nimekuja kuipooza ardhi na kumwomba radhi.

Alimtazama yule kuku, kisha akanitazama mimi, nikaona kwamba hataki kusema.

"Kuku wenu nilikwisha kumtoa," akasema. "Mvua iliporudi. Nilichukua wangu, nikampa Ndurya akamchinja. Nilimwambia yule mwana wa watu ana mimba, haya mambo yaishe."

"Mbona hamkutuambia?"

"Tungekwambia vipi? Ukituona unaingia vichakani, na dada yako alikuwa hatoki tena nje." Aliendelea kuchambua kunde zake. "Na mkunga hajipeleki, mwanangu. Nikija sikuitwa, mtoto akafa, wataniita mchawi. Nilimsikia tangu Alhamisi mchana. Nilichemsha maji, nikajifunga leso, nikakaa hapa mlangoni kukungoja."

Mtoto aliamka mgongoni akaanza kulia. Nilisimama, nikageuka kumbembeleza, na mbele yangu, ng'ambo ya shamba moja dogo la muhogo, niliuona mlango wetu.